Babu Joseph wa Pennsylvania: tarehe tatu, wake wawili na daftari la Marafiki

Swali kwa ufupi: Msomaji aliyezaliwa Vihiga na kuolewa Pennsylvania amekabidhiwa na mama mkwe wake boksi la karatasi za ukoo, awaandikie watoto habari za babu yao Joseph, aliyekuwa Rafiki, yaani Mkweka, muumini wa dhehebu la Kikristo la Marafiki, zama za ukoloni wa Uingereza huko Amerika. Biblia ya familia inasema Joseph alizaliwa 14 Februari 1717. Kitabu cha ukoo kilichochapwa miaka ya 1890 kinasema 14 Desemba 1717, mke Hannah, mshika dini hadi kufa, na kwamba babu yake alifika na William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, katika meli ya Welcome. Nakala ya daftari la mkutano (usharika wa Marafiki) wa New Garden ina “siku ya 14, mwezi wa 12, 1717”, na dada wa Joseph “siku ya 10, mwezi wa 7, 1716”. Mti wa ukoo wa mtandaoni unasema alitengwa na Marafiki mwaka 1741 kwa sababu ya ndoa, mkewe ni Mary, akafa Lancaster 1748. Jiwe la kaburi kaunti ya York limeandikwa 1717–1790. Shemeji yake anaona Joseph alikuwa mtoto wa kulelewa tu, kwa kuwa amezaliwa miezi saba baada ya dada yake. Anauliza: nimwamini nani?

Jibu

Dada, kabla ya kuchagua wa kuaminiwa, ondoa kwanza ugomvi ambao haupo. Tarehe tatu za kuzaliwa ulizonazo ni tarehe moja. Daftari liliiandika, Biblia ikapatia mwezi lakini ikaacha mwaka ulivyo, na kitabu kikakosea mwezi. Ugomvi wa kweli uko kwenye mwaka 1741 na kwenye jina la Mary, na huko ndiko kazi kubwa iliko.

Hadi 1751, Uingereza na makoloni yake yalianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Siku iliyofuata 24 Machi 1717 ilikuwa 25 Machi 1718. Marafiki nao hawakutaka kutaja miezi na siku kwa majina ya miungu ya kale, wakatumia namba, na namba hizo zilianzia Machi: mwezi wa 1 ni Machi, wa 2 Aprili, wa 7 Septemba, wa 10 Desemba, wa 11 Januari, wa 12 Februari. Kwa hiyo “mwezi wa 12, 1717” ni Februari iliyokuja mwishoni mwa mwaka huo, ambayo kwa hesabu yetu ya leo ni Februari 1718. Mwandishi wa kitabu aliona 12 akasema Desemba. Ni kosa la mgeni anayeambiwa “njoo saa mbili asubuhi” akangoja mshale wa saa ufike kwenye 2. Watu wa pwani wanalijua jambo hili pia kwenye miezi ya Kiislamu: Mfungo Tatu si mwezi wa tatu wa mwaka, ni wa tatu baada ya mfungo wa Ramadhani.

Sasa rudi kwa dada yake. Mwezi wa 7, 1716 si Julai, ni Septemba. Kutoka 10 Septemba 1716 hadi 14 Februari 1718 ni miezi kumi na saba. Mtoto wa kulelewa hayupo, na mwambie shemeji alifute hilo kabla halijaingia kwenye mti wa mtu mwingine na kuwa ukweli.

Iandike hivi: 14 Februari 1717/18. Mkwaju huo kati ya miaka miwili unamwambia kila mtafiti kwamba umeshaelewa suala la mwaka. Usiongeze zile siku 11 za tofauti ya kalenda na kuandika 25 Februari 1718. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini atakayekuja baada yako hatajua kama umeongeza au hujaongeza, naye ataongeza tena.

Kuna kipimo kimoja cha ziada ambacho watu wengi hukisahau. Tazama kama Biblia au daftari linataja siku ya juma. 14 Februari 1717/18 ilikuwa Ijumaa. 14 Februari ya mwaka mmoja nyuma ilikuwa Alhamisi, na 14 Desemba 1717 ilikuwa Jumamosi. Tarehe tatu, siku tatu tofauti, kwa hiyo neno moja la pembeni linaweza kumaliza kesi. Ila angalia usiteleze kwenye namba: Siku ya Kwanza ya Marafiki ni Jumapili. Kiswahili huanza kuhesabu Jumamosi, kwa hiyo Siku yao ya Pili ni Jumatatu yetu na Siku yao ya Nne ni Jumatano yetu. Namba yetu huzidi yao kwa moja hadi Jumatano, kisha Alhamisi ni Siku ya Tano na Ijumaa ni Siku ya Sita.

Mitego mitatu ya kalenda imebaki, na utakutana nayo mbele ya safari. Tarehe 1 hadi 24 za mwezi wa 1 kabla ya 1752 zina utata, kwa sababu mwezi umeshakuwa wa kwanza ila mwaka wa kisheria haujageuka, na makarani hawakufanana. Hapo soma kurasa za mbele na nyuma uone karani wa kitabu hicho aligeuza mwaka lini. Pili, “7ber” au “8ber” ni Septemba na Oktoba daima, si Julai na Agosti. Tatu, sheria ya Bunge la Uingereza iliufanya mwaka 1752 uanze 1 Januari, na Septemba ya mwaka huo ikaruka kutoka tarehe 2 hadi 14. Tangu 1752 mwezi wa 1 wa Marafiki ni Januari kama wetu. Joseph aliishi pande zote mbili za mpaka huo, kwa hiyo watoto wake wa kwanza wana hesabu moja na wa mwisho wana nyingine.

Kabla hatujaenda kwenye ndoa, pima uzito wa kila karatasi kwa kuuliza iliandikwa lini, na aliyeandika aliijuaje habari hiyo. Fungua Biblia kwenye ukurasa wa jina la kitabu uone mwaka wa kuchapwa. Ikiwa imechapwa 1790 na kuzaliwa kwa 1717 kumeandikwa kwa wino na mkono uleule wa kuzaliwa kwa wajukuu, basi hiyo ni nakala ya kitu kingine. Piga picha ya ukurasa huo wa mwaka pamoja na kurasa za familia, maana kurasa za familia zikishachanwa kutoka kwenye Biblia, nusu ya thamani yake imepotea. Daftari la mkutano nalo si lazima liwe la siku ya tukio. Mkutano wa mwezi wa New Garden, yaani usharika uliokaa kwa maamuzi kila mwezi, ulianza 1718, ukimegwa kutoka mkutano wa Newark ambao baadaye uliitwa Kennett. Mtoto wa Februari 1718 anaweza kuwa aliandikwa baadaye, pamoja na ndugu zake wote kwa mkupuo, baba alipopeleka orodha. Dalili yake ni familia nzima kwenye ukurasa mmoja, mwandiko mmoja, wino mmoja. Na inawezekana kabisa orodha hiyo baba aliinakili kutoka Biblia ya nyumbani. Ikiwa hivyo, Biblia na daftari si mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili.

Umekulia kwenye Kanisa la Marafiki, kwa hiyo huna haja ya kufundishwa ngazi za mikutano: ile mikutano ya mwezi, ya robo mwaka na ya mwaka uliyoikuta Vihiga ilikuja na wamisionari waliofika Kaimosi mwaka 1902, na mpangilio wake ni wa karne ya 17. Kwa utafiti, ngazi yenye dhahabu ni mkutano wa mwezi. Huko ndiko ushirika wa mtu ulikowekwa, ndoa zilikoruhusiwa, watu walikotengwa na vyeti vya uhamisho vilikotolewa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mwaka wa maisha ya Joseph ni moja: mwaka huu alikuwa chini ya mkutano gani wa mwezi? Mikutano iligawanyika watu walipoongezeka, na mtu anaweza kuonekana amehama ilhali hajaondoka shambani kwake. New Garden ulizaa Sadsbury mwaka 1737. Sadsbury ulizaa Warrington mwaka 1747, magharibi ya mto Susquehanna. Kaunti nazo zilifanya hivyohivyo: Lancaster ilikatwa kutoka Chester mwaka 1729, na York ikakatwa kutoka Lancaster mwaka 1749. Chora jedwali lenye safu tatu, yaani mwaka, kaunti, mkutano wa mwezi, kuanzia 1717 hadi 1791, na ulibandike ukutani. Angalia pia kwamba jina New Garden lilisafiri na watu: kuna New Garden ya Pennsylvania, kuna ya North Carolina iliyoanza mkutano wake wa mwezi 1754, na kuna ya Indiana. Miti ya mtandaoni huzichanganya bila aibu.

Sasa 1741. Mti wa mtandaoni unasema Joseph alitengwa. Kitabu kinasema alikuwa mshika dini hadi kufa. Usikimbilie kusema kitabu kilificha aibu, ingawa vitabu vya miaka hiyo vilificha mengi. Kutengwa kwa ndoa lilikuwa jambo la kila siku. Aliyeoa mtu asiye Rafiki, au aliyefungishwa ndoa na padri au hakimu, au aliyeoa binamu wa karibu, aliitwa mbele ya wazee, na asipokiri kosa aliondolewa kwenye ushirika. Aliyetengwa aliweza kuendelea kukaa ibadani. Alichokosa ni kiti kwenye vikao vya maamuzi. Majirani waliendelea kumwita Mkweka, na yeye mwenyewe pia.

Jambo la kuamua hapa ni cheti cha uhamisho. Mkutano wa mwezi uliweza kumtenga tu mtu ambaye ushirika wake ulikuwa katika mkutano huo. Sasa tafuta kwenye kumbukumbu za kikao cha wanaume cha New Garden, 1738 hadi 1742, Joseph akiomba cheti cha kuhamia Sadsbury. Kisha tafuta Sadsbury kikipokelewa. Ukikuta Sadsbury wamempokea Joseph na mkewe Hannah mwaka 1740, tuseme, basi New Garden hawakuwa na mamlaka ya kumtenga mwaka 1741, na aliyetengwa ni Joseph mwingine. Kipimo ni kupokelewa, si kutolewa. Cheti kilichotolewa na kisichowahi kufikishwa kilimwacha mtu kwenye vitabu vya mkutano wa zamani, na mkutano huo uliweza kumtenga akiwa mbali, mara nyingi kwa kuwaandikia Marafiki wa huko wakamwone kwanza.

Joseph mwingine si dhana ya kubuni. Koo hizi zilirudia majina vizazi hadi vizazi. Babu mmoja mwenye wana wanne anaweza kuwa na wajukuu wanne wa jina lake, wanaokaribiana umri, kwenye mkutano mmoja. Makarani waliwatenganisha kwa “mkubwa” na “mdogo”, na hapa watu wengi huanguka: mdogo hakuwa lazima mwana wa mkubwa. Alikuwa tu mwenye umri mdogo kati ya wawili wa jina moja, pengine mpwa. Mkubwa akifa, mdogo aliacha kuitwa mdogo, na mwaka uliofuata huyu mpya akawa mkubwa. Maneno ya ukoo kwenye wosia nayo yalikuwa mapana kuliko Kiingereza cha leo. Neno lao la binamu lilibeba mpwa, neno la ndugu lilibeba shemeji, na neno tunalolitafsiri mama mkwe mara nyingi lilikuwa mama wa kambo. Wewe uliyekulia mahali ambapo baba mdogo ni baba, utalishika hili haraka kuliko waliolelewa kwa maneno ya kupimwa kwa rula.

Vyeti vyenyewe vina habari zaidi ya kuhama. Kijana asiyeoa alithibitishwa kwamba hana ahadi ya uchumba na mtu yeyote, kwa hiyo cheti cha Joseph cha 1738 chenye maneno hayo kinafuta mke wa kabla ya hapo. Mwenye familia alitajiwa mke, na mara nyingi watoto kwa majina. Kamati ya watu wawili ilikagua madeni yake kabla ya kusaini, ndiyo maana cheti kingeweza kuchukua miezi kadhaa. Watu wengi walihama kwanza, wakaomba cheti baadaye. Tarehe ya cheti usiiandike kama tarehe ya kuhama.

Soma pia kumbukumbu za wanawake. Marafiki walikuwa na vikao viwili, vya wanaume na vya wanawake, kila kimoja na vitabu vyake. Hannah au Mary ataonekana kwa wanawake hata pale karani wa wanaume alipomruka. Mwanamke aliyetengwa kwa ndoa huandikwa kwa jina lake jipya, pengine na lile la kuzaliwa likitajwa kando, na hapo ndipo unapopata ubini wake ambao familia imeusaka miaka mingi.

Na ikiwa kumbukumbu zitaonyesha kwamba aliyetengwa ni huyu Joseph wako kweli? Basi tafuta toba yake. Aliyetaka kurudi aliandika karatasi ya kukiri kosa, ikasomwa mkutanoni, na ilipaswa kupelekwa kwa mkutano uliomtenga hata kama yeye anaishi mbali. Endelea kusoma New Garden hadi miaka ya 1760 kabla ya kukata tamaa. Dalili nyingine ni watoto wake: waliozaliwa wakati wazazi wote wawili wako nje hawakuhesabiwa washirika, na baadaye huonekana wakipokelewa kwa ombi lao wenyewe.

Ndoa ya Rafiki ilikuwa na tarehe nne, na muhtasari uliochapwa huchukua yoyote kati ya hizo. Kwanza wachumba walisimama mbele ya vikao vya mwezi na kutangaza nia, na kamati ikateuliwa kuchunguza kama wako huru. Kwenye vikao vya mwezi uliofuata walisimama tena, wakaruhusiwa. Kisha ndoa yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku chache hadi wiki chache. Mwezi uliofuata wasimamizi waliripoti kwamba ilifanyika kwa utaratibu. Ukikuta ndoa ya Hannah ina tarehe tatu zinazopishana kwa miezi miwili au mitatu, hakuna aliyedanganya. Tarehe ya ndoa ni ile ya hati ya ndoa, yenye sahihi za maharusi na za wote waliohudhuria, ndugu wa karibu mara nyingi wakiwa safu ya kulia, chini ya maharusi. Nakili majina yote, yote kabisa, kwa mpangilio wake. Safu hiyo ya kulia ndiyo itakayokuambia Joseph huyu ni mwana wa nani. Ila usilinganishe mwandiko wa sahihi hizo. Ulio kwenye kitabu cha mkutano ni mkono wa karani aliyenakili, hati halisi ilikwenda nyumbani na maharusi. Kwa kulinganisha sahihi tumia wosia halisi au dhamana ya mirathi.

Mjane aliyeoa tena alikuwa na hatua ya ziada, naye hutambulika kwayo: mkutano uliteua watu wa kuhakikisha haki za watoto wa ndoa ya kwanza zimelindwa. Kama Mary ni mke wa pili wa Joseph wako, hapo ndipo atajitokeza, na kwenye vitabu vya Warrington baada ya 1747 kuliko vya New Garden. Kimya chao nacho ni ushahidi, ikiwa tu umehakikisha hakuna kurasa zilizopotea kwa miaka hiyo. Andika kwenye daftari lako ulisoma kutoka ukurasa gani hadi upi.

Kuhusu kifo, “Lancaster 1748” na “York 1790” si lazima ziwe sehemu mbili. Mtu aliyekufa ng’ambo ya Susquehanna mwaka 1748 wosia wake uko Lancaster, kwa kuwa York haijazaliwa. Lakini mtu mmoja hafi mara mbili. Agiza wosia na orodha ya mali vya 1748 kutoka Lancaster, na vya 1790 na 1791 kutoka York. Ukiona marehemu wa 1748 anamtaja mke Mary, na kwingine Joseph na Hannah wanaendelea kupata watoto miaka ya 1750, umeshampata mwenye Mary: ni mwenye jina mwenzake, na mti wa mtandaoni umewashona pamoja. Tarehe ya kuandika wosia na tarehe ya kuthibitishwa mahakamani zinakupa mipaka ya kifo. Usiiandike ya pili kama siku ya kufa. Na ukiona mashahidi “walithibitisha” badala ya kula kiapo, usiseme moja kwa moja ni Wakweka. Wamenoni, dhehebu jingine la Kikristo, walikataa kiapo vilevile, na Lancaster na York zilijaa Wamenoni.

Jiwe la kaburi lipe nafasi ya mwisho kabisa. Marafiki wa karne ya 18 walipinga mawe ya kaburi, na makaburi mengi ya enzi hizo hayana alama, au yana jiwe la shambani lenye herufi mbili. Jiwe lenye herufi safi zilizokatwa kwa mashine liliwekwa na wajukuu, pengine baada ya kusoma kile kitabu cha miaka ya 1890. Hesabu zao zimetoka humo, kwa hiyo 1717 yake haiongezi shahidi.

Habari ya meli ya Welcome ni hadithi inayorudiwa na koo nyingi mno. Penn alifika kweli Oktoba 1682, lakini orodha ya awali ya abiria wa meli hiyo haipo. Zinazochapishwa zimekusanywa baadaye kutoka nyaraka nyingine, zikiwemo wosia za waliokufa kwa ndui baharini, ambazo abiria wenzao walizishuhudia. Zaidi ya hapo, familia nyingi za New Garden zilikuja kutoka Ireland mwanzoni mwa karne ya 18, muda mrefu baada ya Penn kutua. Tafuta cheti alichokuja nacho babu huyo kutoka mkutano wake wa nyumbani. Cheti cha 1711 kutoka Ireland kinaizamisha Welcome mara moja, na kinakupa kijiji halisi badala ya hadithi.

Vitabu viko wapi? Vingi vya Marafiki wa eneo hilo viko Swarthmore College na Haverford College, karibu na Philadelphia. Hifadhi ni mbili kwa sababu Marafiki waligawanyika mwaka 1827, kundi la wafuasi wa Hicks na kundi lililoitwa la Othodoksi (si Kanisa la Othodoksi), kila moja likabaki na vitabu au likanakili vya mwenzake. Kwa hiyo kitabu kimoja cha 1741 kinaweza kuwa na nakala mbili, na nakala ikawa na makosa ambayo cha awali hakina. Omba picha ya kitabu cha zamani zaidi. Picha nyingi ziko Ancestry, tovuti ya kulipia ya habari za koo, ambayo maktaba nyingi za umma za Marekani huruhusu kuitumia bure ukiwa ndani ya jengo, na nyingine ziko kwenye tovuti ya FamilySearch bila malipo. Tahadhari: faharasa za mtandaoni hugeuza “mwezi wa 12” kuwa Desemba, kosa lilelile la kitabu chako, sasa likifanywa kwa maelfu. Faharasa ikupeleke kwenye picha tu, kisha isahau. Ile ensaiklopidia kubwa ya Hinshaw ya koo za Wakweka, ambayo watu watakuelekeza kwayo, juzuu yake ya 2 ina mikutano ya Salem, Burlington, Philadelphia na Falls. New Garden yako na Sadsbury hazimo. Itakufaa ikiwa wajukuu walishuka Virginia au North Carolina, na humo utahitaji vifupisho: “dis” ni kutengwa, “mou” na “mcd” ni ndoa nje ya utaratibu, “con” ni kukiri kosa, “gct” ni kupewa cheti cha kwenda, “rocf” ni kupokelewa kwa cheti cha kutoka, “rmt” ni kuripotiwa kuoana na fulani. Ukiona “con”, usidhani amehukumiwa. Ni yeye aliyelaani kitendo chake ili abaki ndani.

Jambo moja hukuuliza, nami naona ni lako na la wanao. Ukifika miaka ya 1770 kwenye vitabu vya Warrington, usiruke kurasa za utumwa. Mwaka 1776 Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia uliamua kwamba Rafiki anayeshikilia watumwa na kukataa kuwaachia huru atengwe. Kamati zilipita nyumba kwa nyumba, na hati za kuwaachia huru zilinakiliwa, zikiwa na majina ya Waafrika hao na mara nyingi umri wao. Joseph alikuwa na miaka 58 wakati huo. Tazama kama jina lake liko kwenye kamati au kwenye orodha ya waliotembelewa, na uandike unachokiona, pamoja na jina la kila aliyeachiwa huru kama lilivyoandikwa.

Kwa wiki hii, agiza vitu viwili tu: kumbukumbu za wanaume za New Garden 1738–1742 na za Sadsbury 1739–1747. Kwenye ombi taja mkutano, kikao cha wanaume, miaka, na jina kamili na namna zote za kuandika ubini wake, na uombe picha, si muhtasari. Hadi zifike, kwenye karatasi ya watoto andika Joseph, alizaliwa 14 Februari 1717/18, na pale pa mke mwandike Hannah kwa penseli.